Kovu Langu Moja Kufanywa Mawili

Kwa Mwalimu wa Uchoraji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono ina rangi na moyo una huruma. Mimi ni fundi cherehani, baba wa yule mwanafunzi wako mrefu anayechomeka penseli nyuma ya sikio. Hatujawahi kuonana, lakini unanijua kuliko daktari wangu, maana kila wiki unaletewa uso wangu uusahihishe. Nasikia mwisho wa muhula kuna maonyesho, na kazi zake zote zitatundikwa. Katika zote nimo mimi. Naomba kwa heshima zisitundikwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Uliwaambia wachore mtu aliyetulia. Nyumbani kwetu aliyetulia ni mimi, kwa sababu nashona. Mama yake akiombwa akae tu, hukumbuka sufuria. Basi binti akanichora kwa mkaa, na bega la kushoto limeshuka. Mwalimu, ni kweli limeshuka. Lakini tangu ujana nalinyanyua kwa pamba ndani ya koti, na hata mama mkwe hajui. Mke wangu akaitundika picha dukani, juu ya cherehani. Sasa wateja wananitazama, wanaitazama picha, kisha wanajipapasa mabega yao.

2. Baada ya mkaa zikaja rangi, nikatarajia nafuu. Nimepakwa kijani chini ya macho na zambarau shingoni. Nilipouliza, niliambiwa ndivyo ulivyofundisha, kwamba kivuli nacho kina rangi zake. Sibishi. Ila jirani yetu dereva hakusomea vivuli. Aliiona picha imeanikwa uani, akavua viatu mlangoni, akaingia kimya kimya kumpa mke wangu pole. Mimi nilikuwa pale pale nakunywa chai.

3. Sasa ni kompyuta. Binti amenieleza kwamba humo mtu hufinyangwa nusu: unatengeneza shavu moja, mashine inanakili la pili. Mimi nina kovu shavu la kulia, nililolipata nilipoanguka ngazini na jora la kitambaa. Leo ninayo mawili, yanatazamana. Picha ikatumwa kwa ukoo mzima. Dada yangu mkubwa akapiga simu analia, akanigombeza kwa kumficha ajali ya pili. Nikamwambia hakuna ajali ya pili. Akasema hata ile ya kwanza nilianza hivyo hivyo, kwa kukana.

4. Kichwa hicho kinazunguka. Binti anakigeuza kwa kidole, utosi unatokea, na utosini sina nywele. Kofia yangu imefanya kazi bure miaka yote hii! Tena kinaishia shingoni, na ukichungulia kwa chini, ndani ni kitupu. Mke wangu alichungulia, akasema sasa ameelewa mambo mengi.

5. Mtu mwenye makovu mawili, asiye na nywele wala mabega, ni wazi kwamba si mimi. Na kama si mimi, basi binti yangu anashinda chumbani na mwanamume asiyejulikana kwao. Mzazi gani atanyamaza?

Kwa hiyo umkataze kunichora. Mpe birika, mpe kiti, mpe viatu, vitu visivyo na dada wa kupiga simu.

Wasalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini, na wote wanaovumilia kuchorwa na watoto wao. Mke wangu angekusalimu kama angejua nimeandika.

Ni mimi, mwenye kovu moja,
Fundi

Nyongeza: Hayo ya juu niliyaandika jana mchana. Jioni nilimwambia binti kwamba nakushitakia, asinichore tena. Hakubisha. Alichukua karatasi zake, akanipita, akaenda kumchora yule dereva. Iliniuma, Mwalimu. Nilikaa kwenye cherehani, nimevua kofia na koti, taa nimeisogeza upande wa kovu, na hakuna aliyeniangalia. Picha ya dereva nimeiona. Uso ule hauna kitu, hata mkwaruzo. Tafadhali mrudishe kwangu, na barua hii uichane. Picha zangu zitundike mlangoni, pale kila mtu anapopita, na kile kichwa kizungushwe. Nitakuja mapema nisimame chini yake, bila pamba begani.