Koplo Rula Aomba Radhi

Jumatatu, 6 Machi
Mkuu wa kituo katuleta chuoni kwa mafunzo ya maadili, siku tano. Askari kumi na wawili, feni moja. Atakayeongoza mtihani atapendekezwa kuwa sajini. Miaka kumi na moja nami bado koplo! Mke wangu anasema mvumilivu hula mbivu, ila zangu zimeshaozea mtini. Mpinzani wangu mmoja tu, tena mwanamke: Koplo Rula. Tulimbatiza hivyo kwa kunyooka kwake. Tuliajiriwa siku moja.

Jumanne, 7 Machi
Mkufunzi ni afande mstaafu, mpole. Kauliza nani kati yetu amewahi kumweka mtu ndani kwa hasira. Nikatazama dari. Rula akanyoosha mkono, peke yake. Kasema wiki iliyopita alimfungia fundi viatu kwa kumjibu tu, kisha akaandika kitabuni kwamba alifanya fujo. Fundi yungali mahabusu. Ijumaa anapelekwa mahakamani. Nilichekelea moyoni. Kajimaliza mwenyewe!

Jumatano, 8 Machi
Shemeji yangu ndiye mpiga chapa wa chuo. Nilimwomba anichungulishie mtihani. Kakataa. Eti alisikiliza somo la jana dirishani, likamwingia. Shemeji wa damu kabisa! Mkufunzi huyu ni hatari.

Alhamisi, 9 Machi
Mtihani. Nilikaa nyuma ya Rula, nikanakili neno kwa neno. Swali la tatu: eleza kosa ulilowahi kutenda kazini. Kalamu ilikwenda mbio. Nilishtuka nilipoandika, “Mimi kama mama wa watoto wawili.” Wino haufutiki.

Ijumaa, 10 Machi
Alfajiri Rula alikwenda kituoni badala ya darasani. Nilimfuata, nikidhani anakwenda kujipendekeza. Nilimkuta mbele ya mkuu wa kituo, anaomba maelezo yake yasahihishwe na fundi aachiwe. Mkuu kamwonya kwamba kuandika uongo kuna adhabu. Kajibu anajua, na ameshajiandikia mwenyewe barua ya kukiri.

Fundi akatolewa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya mumewe mkononi. Rula akavua kofia.

“Nilikuonea,” akamwambia. “Ulisema kweli, nikakasirika. Naomba radhi mbele ya mkeo.”

Fundi akapokea viatu vyake. “Afande,” akasema, “sikujua kama neno hilo mnalo.”

Nilijikuta nimesimama wima na kupiga saluti. Nimeona askari wakiwakimbilia majambazi wenye bunduki. Ujasiri wa leo sijauona.

Jumamosi, 11 Machi
Matokeo. Rula kapewa barua ya onyo, na papo hapo kapendekezwa usajini. Mkufunzi anasema aliyerekebisha kosa lake ndiye aliyelielewa somo. Ni haki yake. Nilimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Mimi wa mwisho: “mama wa watoto wawili” kaniumbua.

Lakini sasa siri ya cheo naijua: ni kuomba radhi! Tangu asubuhi niko mezani natafuta kosa dogo, safi, la kukiri Jumatatu mbele ya mkuu. Mke wangu kajitolea kunitajia makosa hamsini ya kweli. Nimemshukuru, nikakataa. Hayo yataniharibia sifa. Nitabuni.