Proksi Imezima Tena

Jumatatu, 9 Machi 1998
Mambo yamenyooka! Bi Hamdiya kanikabidhi mitambo ya duka lake la intaneti hapa Kinondoni. Nilimwambia Linux, mfumo unaoiendesha mitambo hiyo, naijua. Naijua, ila kwa sura. Nimeshabuni jambo: proksi, ile programu inayokaa kati ya kompyuta za wateja na intaneti, nimeiamuru ihifadhi kila ukurasa, isifute kitu. Wateja watashangaa kasi! Munira, mwenzangu wa kazi, kauliza kama diski itatosha. Wivu tu.

Jumatano, 11 Machi
Proksi imezima yenyewe. Nikaiwasha. Ikazima. Nikasema umeme. Munira akauliza umeme upi, mbona feni inazunguka. Mdomo huo!

Alhamisi, 12 Machi
Nimepata dawa. Nimeiagiza mashine: proksi ikifa, iwashwe papo hapo. Basi inakufa, inafufuka, inakufa, kama kuku aliyechinjwa kwa kisu butu. Akaja Mzee Mwinshehe, bintiye Shaima kalazwa Muscat, anajifungua. Nikampa shikamoo, nikamfungulia barua pepe. Ikaja nusu: "Baba, daktari kasema mtoto..." Basi, proksi imekufa. Mzee akashika meza. Watu wote wakanitazama mie. Nikaropoka kwamba Munira kapiga teke waya! Binti wa watu akainamisha kichwa.

Ijumaa, 13 Machi
Mzee karudi baada ya swala, macho mekundu. Munira alinisogeza kando. Alifungua faili ambamo proksi huandika kinachoisibu. Mie sikuwahi hata kulichungulia. Mstari kwa mstari, neno lile lile: diski imejaa. Kurasa zangu! Akazifuta, akaweka kikomo, akaiwasha. Haikuzima tena. Barua ikasomeka yote: mtoto wa kiume, mzima, na mama hajambo. Mzee akalia. Akamshukuru Munira, kisha akamwambia, "Na ule waya, mwanangu, nimekusamehe."
Nikajitia kupangusa kompyuta. Munira akaniangalia tu. Laiti ningemezwa na ardhi!

Jumamosi, 14 Machi
Nimeamka na nia safi: namwomba Munira radhi. Nikamkuta na Bi Hamdiya, anayeuliza kama lile faili laweza kumwonyesha ni nani aliyeijaza diski. Nikageuka, nikachukua ufagio. Walipotoka kunywa chai, nikaiamuru proksi isiandike tena makosa yake. Asiyelalamika haumwi. Nashangaa wataalamu hawakuliwaza hili!