Uzinduzi wa Mashine ya Pakiti, Tena Estate, Eastlands

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma radhi. Bwana Wahome, mnunuzi wa supamaketi kubwa ya mjini, ambaye amekuja mwenyewe. Wachungaji na wake zao. Askari wa kanjo mliozoea kutufukuza barabarani, na mliokuja leo kwa amani. Mama njugu, watengenezaji wa sabuni ya maji, wauza viungo kutoka Ziwani mpaka Mathare. Vijana mliopanda ukuta wa choo pale nyuma. Itifaki yote ikizingatiwa isipokuwa pale nimeisahau: mimi, Laban Kweyu, Mwenyekiti Mwanzilishi, Mratibu na Msemaji wa Mradi wa Pakiti na Nembo za Bei Nafuu kwa Biashara Ndogo Ndogo, nawasalimu. Na kwa vile wengi wenu mliona yaliyonipata Jumapili kanisani, naongeza: Bwana asifiwe.

(Amen. Makofi.)

Kabla sijaendelea, kuna jambo dogo la utaratibu. Hotuba hii niliiandika Alhamisi. Nimeokoka Jumapili. Leo ni Jumanne na sikupata nafasi ya kuipitia. Kwa hivyo mkiniona nimesimama katikati ya sentensi, msishtuke, hayo ni marekebisho.

(Kicheko.)

Nasoma. "Kufuatia fizibiliti stadi ya kina iliyofanywa na jopo la wataalamu, imedhihirika kwamba wakati umewadia ambapo njugu ya Eastlands haitafungwa tena kwa karatasi ya daftari la mtoto wa darasa la nne, ambapo mteja akimaliza kutafuna anabaki akisahihisha hesabu za watu, bali itaingia katika pakeji ya kisasa, yenye nembo, yenye kwaliti, inayoita jicho kutoka ng'ambo ya barabara." Hapo kwa jopo la wataalamu, ni mimi na shemeji yangu Luseno, tukingoja kunyolewa. Naendelea.

"Hadi kufikia leo, mradi umetekelezwa kwa asilimia tisini na tano."

(Makofi marefu. Mwenyekiti anatoa leso, anajipangusa.)

Tuseme themanini.

(Makofi machache.)

Wapendwa, kuna kitu kinanivuta shati kwa ndani. Arobaini.

(Kijana wa ukutani: "Shuka tu polepole, mzee, tuko na wewe.")

Ukurasa wa pili wote ni takwimu. Nauruka. Nilizitoa kichwani mwangu nikingoja chai ichemke. Wafadhili wa ng'ambo waliotajwa chini yake ni watu wa picha kwa kalenda yangu, mwezi wa nane. Hakuna pesa ya mtu niliyokula, maana hakuna aliyenipa.

"Mashine yetu, yenye uwezo wa kupiga chapa pakiti elfu nne kwa saa, na ambayo iko hapa nyuma yangu chini ya turubai…"

(Bwana Wahome anainuka kidogo, anachungulia turubai. Mwenyekiti anakunja hotuba.)

Hapa ndipo pagumu. Bwana Wahome ameonja njugu za Mama Nasambu na amezipenda. Lakini aliniambia supamaketi haiweki kitu kwa rafu kama pakiti hazifanani zote, na akauliza kama kuna mashine. Nikasema ipo. Mama Nasambu naye magoti yamekataa kuzunguka na kikapu, na hiyo rafu ndiyo itamketisha. Nikisoma nilivyoandika, pengine ataipata. Nikisema ukweli, pengine nimemkosesha. Jana alikuja kwangu akaniambia, "Baba Everline, okoka. Lakini okoka Jumatano."

(Kicheko kirefu. Mama Nasambu, mstari wa mbele, anafunika uso na leso.)

Nimejaribu, mama. Imekataa.

Wananchi, huko kiwandani ninakofanya kazi, miaka yote nimeitwa "wewe". Nilipoanza kusema kuna mradi, watu wakaanza kuniita Mwenyekiti. Hata mwenye nyumba. Nikaona utamu wake. Na zile pakiti za kaki zenye tembo, ambaye wengine wenu mnasema ni birika, zile nilizozungusha nikisema ni matokeo ya awali ya mradi, alizitengeneza Mama Nasambu nyumbani kwake. Alichukua slipa kuukuu ya mpira, akachonga tembo kwenye soli kwa wembe, akachovya kwa wino, akagonga. Mimi nilikwenda kununua njugu, nikaondoka na sifa.

(Sauti: "Toboa yote, buda.")

Natoboa. Kwa hivyo shukrani zangu ni kwa Mzee Dubow kwa toroli lake, na kwa kanisa kwa viti viwili virefu. Ndivyo vilivyo chini ya turubai. Pakiti!

("Maendeleo!" wanaitikia wachache, kwa mazoea.)

(Bwana Wahome anapanda jukwaani, anainua turubai, analishusha. Anamgeukia Mama Nasambu, anamwuliza hiyo slipa inaweza kugonga pakiti ngapi. Mama Nasambu anasimama kwa shida. "Slipa haichoki, baba. Mimi ndiye huchoka." Mama Wacuka wa sabuni anasema atagonga yeye, na mwenzake anasema atakausha. Bwana Wahome anacheka, anasema walete katoni mbili Ijumaa, tembo wote wakitazama upande mmoja. Zikifanana, rafu ni yao. Vigelegele. Mama Nasambu anamwambia Mwenyekiti jambo, na kipaza sauti kinalinasa: "Na wewe, Baba Everline, utatukatia karatasi.")

Mmesikia. Nimeteuliwa. Nembo!

("Heshima!" uwanja mzima.)

Kwa niaba ya mradi ambao haujawahi kuwako hata siku moja, nawashukuru nyote kwa kuhudhuria uzinduzi wake. Utepe hautakatwa. Ule mkasi niachieni mimi, nina kazi nao kesho asubuhi.