Mkono wa Kulia wa Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Septemba 2014. Palma, Msumbiji.

Zimebaki siku kumi na moja. Ijumaa ya tarehe 19, baada ya swala, nitakaa msikitini mbele ya shehe, na Mzee Mshamu atanishika mkono wa kulia aniozeshe binti yake Haula. Kiganja kwa kiganja, mbele ya watu wote, mpaka maneno ya ndoa yaishe.

Na mkono wenyewe ndio huu! Umepasuka kila kiungo. Unatoa maji. Ukurutu ninao tangu utotoni, ila mwaka huu umekuja na hasira zake zote. Ninawashwa nikila, ninawashwa nikisali, ninawashwa nikiandika haya.

Leo Mzee Mshamu amenitumia ujumbe kwa mpwa wake Suleimane. Amesikia bwana harusi ana ugonjwa wa mikono. Siku ya ndoa hataki glavu, hataki leso katikati. Akishika akakuta uozo, ataachia, na ndoa haipo. Suleimane alinifikishia maneno hayo huku akitabasamu. Aliwahi kumposa Haula kabla yangu, akakataliwa. Ndoa yangu ikivunjika, posa inayofuata ni yake. Tangu watu wa kampuni ya gesi wampe kazi ya ulinzi anavaa helmeti hata sokoni. Akaniangalia mikono, akasema shida ni saruji, nivae glavu. Ni kweli ninajenga chumba uani cha kupangisha wahandisi wa gesi, na saruji ninaikoroga kwa mikono mitupu, kama fundi yeyote mwenye haraka. Lakini mtu anayenunua nyanya na helmeti kichwani hawezi kunifundisha kazi.

Haula amenitumia salamu kupitia dada yangu Ancha. Nifanye lolote, lakini huo mkono upone.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeokoka!

Asubuhi nilikwenda kuziba ufa kwenye nyumba ya wageni. Chini ya kitanda kulikuwa na jarida la Kireno lililoachwa na mhandisi. Ndani, picha ya mkono kama wangu. Nikasoma nimechuchumaa. Madaktari wa Korea wanajaribu kutibu ukurutu sugu kwa seli changa, zile ambazo bado hazijaamua kuwa ngozi au mfupa au nini. Zikiingia mwilini, eti zinautuliza mwili unaojipiga wenyewe. Na zinatoka wapi? Kwenye kitovu cha mtoto mchanga! Nusu ya pili ya makala sikuisoma. Ina namba nyingi, na mambo muhimu huandikwa mwanzoni.

Kitovu! Wakorea wanahangaika na maabara, na sisi huku kila mtu anajua chake kilipozikwa. Changu kiko chini ya mnazi, kwenye shamba la marehemu bibi. Shangazi Chamima ndiye aliyenizalisha na kunilea. Kitovu alikizika yeye, na juu yake ukapandwa mnazi siku hiyohiyo. Nikamuuliza ni mnazi upi. Akauliza wa nini. Nikamjibu kwamba watu wa gesi watatuhamisha huko, nataka niujue wangu kabla hawajaukata. Akasema wa tatu kutoka kisimani. Machozi yakamlengalenga, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hiyo.

Nilijisikia vibaya. Kidogo tu.

Jumatano, 10 Septemba

Shamba la bibi sasa liko ndani ya vigingi vyekundu vya wapima ardhi. Nikavivuka. Nikachimba saa mbili nzima. Nimepata mizizi, konokono, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Kitovu hakuna. Nikafikiri vizuri: miaka ishirini na tisa, lazima kimeyeyuka. Basi seli zimo kwenye udongo! Nikafunga udongo kwenye kitambaa.

Nikasikia mtu anakohoa. Helmeti. Kumbe zamu ya vigingi leo ni ya Suleimane. Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninauaga mnazi wangu. Akauliza kama siku hizi watu wanaagana kwa jembe. Akatoa daftari kuandika jina langu, akaniuliza linaandikwaje. Tumesoma darasa moja miaka mitano!

Nyumbani nimeuloweka udongo, nikapaka. Unachoma ajabu. Ukichoma, unafanya kazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Kidole cha shahada kimevimba. Kiganja kinatoa usaha. Zimebaki siku nane.

Nimegundua kosa. Seli zangu ni za zamani mno. Jarida linasema mtoto mchanga, na mimi nina ndevu. Zinahitajika mbichi. Na hapa hapa nyumbani, mlango wa pili, Ancha ana mimba ya miezi tisa na mumewe yuko kikazi mjini Pemba, huku huku Msumbiji. Mtu akisema bahati haipo, mleteni kwangu.

Leo nimemchotea Ancha maji. Nimempepea. Nimemmenyea machungwa, na maji ya machungwa yakaingia kwenye mipasuko, nikaona nyota mchana. Ancha akauliza kama ninaumwa. Shangazi Chamima alinitazama kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Ancha amejifungua salama asubuhi. Mtoto wa kike. Alhamdulillahi!

Nimefanya kosa. Shangazi alipotoka chumbani nilimuuliza kondo la nyuma liko wapi, na kitovu chake. Nilipaswa kuuliza kwanza kama mama na mtoto wazima. Shangazi alirudi ndani akafunga mlango kwa komeo.

Ninajua. Kila mtu hapa anajua. Kondo ni kazi ya wanawake. Huzikwa mahali mwanaume hapajui, kwa sababu mwenye nia mbaya akilipata anaweza kumfunga mama kizazi au kumdhuru mtoto. Lakini mimi sina nia mbaya. Mimi nina ndoa.

Jioni nilikwenda kuoga. Nyuma ya bafu, karibu na mpapai, ardhi imelowa na kuna mawe matatu ambayo jana hayakuwepo.

Jumamosi, 13 Septemba



Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima ililala. Nikachukua jembe. Nikaondoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nimepiga jembe mara mbili tu Suleimane alipoingia uani na ujumbe wa Mzee Mshamu. Akaniona. Akaona mpapai na mawe, na mama yake ni mkunga, akaelewa papo hapo. Akapiga kelele: “Anafukua kondo! Jamani, anafukua kondo la mtoto!”

Ua ulijaa. Ancha alitoka hadi mlangoni, mtoto kifuani. Aliponiona na jembe akavuta kapulana, kitenge alichojitanda, akamfunika mtoto uso. Asionwe na mtu. Asionwe na mimi! Dada yangu wa tumbo moja. Mkono haujawahi kuniuma kama nilivyoumia pale.

Halafu nyuma kabisa mtu akalitamka lile neno. Mchawi. Hakulisema kwa sauti, na ndiyo maana nilitishika. Ninawajua watu wawili walioitwa hivyo. Mmoja alihama usiku na hakubeba hata sufuria. Wa pili hakuwahi kuhama.

Nikakimbilia jarida. Nikaonyesha picha, nikasema ni dawa, imeandikwa, madaktari wa Korea! Pale uani hakuna aliyeweza kusoma Kireno cha namna ile. Shangazi akalichukua, akalikunja, akalitia kifuani. Akasema kesho nesi Dalila atakuja kumtazama mtoto, naye atatusomea. Kisha akanigeukia. “Karatasi ikisema hivyo, wewe ni mjinga. Isiposema, Rizuane mwanangu, mimi sitakuwa na la kukutetea.”

Mzee Mshamu ametuma habari kwamba na yeye atakuwepo.

Jumapili, 14 Septemba

Sikulala. Kireno changu kiliishia darasa la tano. Je, kama nilisoma vibaya? Je, kama ile nusu ya pili inakanusha nusu ya kwanza? Kwa nini sikumalizia? Nimemwomba Mungu jambo ambalo sijawahi kumwomba: niwe mjinga.

Nesi alikuja saa kumi. Alimpima mtoto kwanza, bila haraka. Kisha akakaa mkekani na jarida. Alisoma kimya. Suleimane alisimama mlangoni, helmeti kwapani. Mzee Mshamu alikaa kwenye kiti amejifumbata, mikono yote miwili ndani ya mikono ya kanzu. Nesi akarudi mwanzo wa ukurasa. Akakunja uso. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye mipasuko, na kujikuna siwezi, nisije nikaonekana ninafanya ishara za kichawi.

Hatimaye akasema ni kweli. Imeandikwa seli, imeandikwa kitovu, imeandikwa ukurutu.

Halafu akasoma nusu ya pili. Kwamba seli husafishwa na kukuzwa maabara kwa wiki kadhaa. Kwamba hudungwa na madaktari, kwa wagonjwa wachache, na bado ni majaribio, hakuna ajuaye kama zitafaa. Akaongeza la kwake: hakuna palipoandikwa jembe.

Shangazi Chamima akavuta pumzi. “Basi ni mjinga,” akasema. Watu wakacheka, na ua ukawa ua tena. Nimethibitishwa mjinga mbele ya mashahidi zaidi ya ishirini, na sijapata kufurahi hivi maishani mwangu!

Mzee Mshamu hakucheka. Alisema mjinga anaruhusiwa kuoa, na waliooa ni wengi. Ila habari ya mkono iko palepale. Kisha akamwuliza nesi, kwa sauti ya chini, kama ugonjwa huu unaambukiza. Nesi akasema hapana. Akauliza tena.

Nesi amenipa tyubu ya dawa ya kupaka, mara mbili kwa siku, na juu yake mafuta mazito ya mgando. Sabuni kali marufuku. Udongo marufuku. Saruji marufuku mpaka mkono upone, na baada ya hapo nisiiguse bila glavu. Suleimane akasema anazo za ziada. Alizitoa mfukoni mbele ya watu wote, na mimi ikanibidi niseme ahsante.

Jumatano, 17 Septemba

Shangazi ameufanya mfuko wangu wa saruji kuwa kiti. Anachambua mchele juu yake, anasali karibu yake. Chumba cha wahandisi kimesimama.

Mkono unapona! Uvimbe umeisha. Mipasuko inafunga. Nesi atadhani ni tyubu yake. Mimi ninajua. Ni udongo wa mnazi wangu, seli zilitaka wiki moja kuamka. Kitambaa bado kiko mfukoni.

Leo Ancha amenipa mtoto nimshike. Nikiwa na glavu, naye amesimama hatua moja kutoka kwangu, mikono tayari. Anaitwa Sumaia. Alipiga chafya. Nikamwomba Ancha radhi. Akasema nimshike vizuri shingo. Nilitokwa na machozi. Kulikuwa na vumbi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeoa! Lakini nusura.

Msikiti ulijaa. Suleimane alikaa safu ya mbele, macho kwenye mkono wangu. Shehe akaniambia nitoe wa kulia. Nikautoa. Mkavu, mzima, mwekundu kidogo tu kwenye kidole cha shahada. Mzee Mshamu hakutoa wake. Shehe akamwambia mara ya pili. Ndipo akautoa taratibu kutoka kwenye kanzu, akaufumba haraka juu ya wangu.

Ulikuwa umepasuka. Kila kiungo. Nilikijua kile kiganja, ndicho kilichokuwa changu wiki iliyopita.

Nikamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, ile niliyokuwa nayo mimi pale mkekani. Siku zote hizi nilidhani anaogopa kukuta uozo, kumbe alikuwa anaogopa kukutwa nao. Yale masharti ya glavu na leso yalikuwa ya kuwafanya watu watazame mkono wangu, wasitazame wake. Ningeshtuka, ningeutoa mkono, msikiti mzima ungejua. Akasema ameniozesha Haula. Ikawa zamu yangu, na sauti haitoki. Shehe akakohoa. Suleimane akainuka nusu.

Nikambana Mzee kiganja, nikasema nimekubali.

Tulipoachiana alirudisha mkono wake kwenye kanzu kabla mtu hajauona. Sijamwambia yeyote. Hata Haula.

Jumatatu, 22 Septemba

Baba mkwe ameniita dukani kwake, akanipeleka stoo kwenye marobota ya vitambaa, akafunga mlango. Akakunja kanzu mpaka kiwiko. Miaka ishirini, akasema, anaficha. Nani atanunua kitambaa kwenye mikono kama hii? Akalia, mzee wa watu. Akaniuliza nimeponaje.

Tyubu ya nesi ilikuwa mfuko wa kushoto. Kitambaa cha udongo kilikuwa mfuko wa kulia. Nikatoa kitambaa.

Nimemweleza yote, tangu Korea. Akaunusa udongo. Akauliza kama wangu utamfaa. Nikasema haiwezekani, seli zinamjua mwenyewe. Akafikiri sana. Mnazi wake uko Msimbati, ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Tanzania. Mama yake alimwonyesha akiwa mdogo, wa pili kutoka njiani. Huko nako watu wa gesi walishafika zamani, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Tunavuka kesho.

Mkono wangu umeanza kuwasha tena tangu asubuhi, nilipokoroga saruji ya kumalizia chumba. Glavu za Suleimane nimefungia mlango wa banda la kuku. Ni wazi kwamba nguvu ya udongo imekwisha, nitapitia na mnazi wangu tukirudi.

Haula ameuliza majembe mawili ya nini. Nimemwambia ni mambo yangu na baba yake, atupikie mikate ya njiani.