Povu kwa Nyumba Mpya ya Meneja

Jumapili, 5 Januari

Leo nimetia bia yangu ya kwanza katika chupa. Chupa ishirini na nne. Kila moja nimeipa kijiko kimoja cha chai cha sukari, ili hamira iliyosalia iile na kutoa gesi. Kisha kizibo cha bati, kilichogongwa kwa umakini unaolingana na shahada yangu. Wiki mbili za joto la kawaida zinatosha.

Tarehe 18 Meneja Cheon anatukaribisha katika nyumba yake mpya. Jumatatu itakayofuata atataja jina. Wanagenzi ni wawili, nafasi ya kudumu ni moja: mimi, Ok Chi-won, au Kuk Dong-ha.

Kuk ametangaza kwamba atapeleka furushi la karatasi za chooni. Kama kila mtu. Hapa Korea watu hupeleka karatasi kwa anayehamia nyumba mpya ili mambo ya nyumba yafunguke bila kukwama, na sabuni ya unga ili baraka ziumuke kama povu. Mimi nitapeleka povu lenyewe. Wazo hili halijamjia mtu mwingine yeyote nchini. Nimelichunguza kwa dakika kumi.

Jumatano, 8 Januari

Nimefungua chupa moja kwa ajili ya utafiti. Hakuna gesi. Imetulia kama maji yaliyooshewa mchele.

Bibi, ambaye ninaishi kwake hapa Chuncheon, alikuwa akipika pombe ya mchele kila majira ya baridi enzi za uhai wa Babu. Alisema niziache. "Ina siku tatu tu, we mtoto. Kwani wewe ukila unapimwa uzito kabla hujainuka?"

Nilimfahamisha kwa heshima kwamba mimi ni mhandisi. Akakubali. Akasema yeye alikuwa na mtungi tu.

Alhamisi, 9 Januari

Nimefungua chupa zote ishirini na tatu zilizosalia. Kijiko cha pili cha sukari. Vizibo vipya. Nilifanya kazi hiyo Bibi akiwa sokoni, ili kumwepusha na wasiwasi.

Ofisini Kuk aliuliza nitapeleka zawadi gani. Nilimjibu kwamba ni suala la kitaalamu. Akacheka: haya mtaalamu, ukishakuwa bosi usitusahau sisi wa karatasi za chooni. Nimeyanakili maneno hayo kama ushahidi wa hofu.

Jumatatu, 13 Januari

Nimerudi kazini, chupa hazipo rafuni. Kumbe Bibi amezihamishia kwenye pembe ya sakafu yenye joto kuliko zote, pale bomba la maji ya moto yanayopasha sakafu nzima linapoingilia chini, pale anapolala yeye kwa ajili ya magoti yake. Amezifunika kwa blanketi lake. Ndivyo alivyoutunza mtungi wa Babu.

Alisema nje kuna barafu, zingeshikwa na baridi. Nilishukuru. Sikuona haja ya kugusia kijiko cha pili.

Jumatano, 15 Januari

Mlio mkubwa. Chupa moja imepasuka chini ya blanketi wakati Bibi akimenya vitunguu saumu. Hakuna aliyeumia. Vitunguu vimetapakaa hadi mlangoni.

Bibi aliuliza nimetia sukari mara ngapi. Nikajibu kwamba swali hilo ni pana. "Si pana," alisema. "Ni moja au mbili."

Hitimisho langu: kasoro ya kiwandani katika kioo. Nguvu ya bia yenyewe inaridhisha.

Jumamosi, 18 Januari

Nilichukua chupa sita. Nilizibeba ndani ya koti, kifuani, zisipoteze joto. Basi lilijaa na barabara ina mashimo. Zilitikisika kwa usawa, jambo zuri.

Nyumba ya Meneja ni nzuri mno. Karatasi za ukutani nyeupe. Kuk alikabidhi furushi lake, misokoto thelathini, likawekwa karibu na viatu. Nilimsikitikia. Kisha nikasimama na kutoa hotuba fupi, ya dakika tisa, kuhusu hamira. Nikashika chupa kwa mikono miwili, kama ipasavyo mbele ya mkubwa, nikafungua.

Bia iligonga dari. Nikaeleza kwamba hilo ni tukio la pekee, na ili kuthibitisha nikafungua ya pili. Ya pili ilimpata Meneja. Nilifungua ya tatu kwa sababu sampuli mbili hazitoshi.

Povu lilitambaa hadi chini ya kabati. Mke wa Meneja alisema amesikia siku zote kwamba povu ni baraka, ila hakujua baraka huingia kwa miguu. Meneja alifuta miwani kwa tai yake, akasema, "Dong-ha, mwanangu, leta zile karatasi." Kuk akachana furushi. Misokoto kumi na minane ilitumika. Kila mmoja ulifunguka bila kukwama.

Katika chupa ya tatu kilibaki kiasi cha vidole viwili. Meneja alikionja. Akasema: "Kilichobaki ni kitamu."

Jumatatu, 20 Januari

Kuk amepata nafasi. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, ghalani, idara ya vifaa vya usafi. Meneja alisema aliona jinsi nilivyopiga deki.

Kuk alikuja kunipa mkono. Aliniomba nisikasirike, akanialika: mwezi ujao anahamia chumba karibu na kazini, na Meneja atakuwepo.

Meneja atakuwepo.

Jumapili, 26 Januari

Nimetafakari kwa siku sita. Meneja alisema kilichobaki ni kitamu. Kwa hiyo tatizo halikuwa ladha. Tatizo ni kwamba kilibaki kidogo. Suluhisho ni chupa kubwa zaidi, na sukari kwa kadiri ya ukubwa huo, pamoja na ziada kidogo kwa ajili ya usalama.

Nimezipanga ishirini kwenye pembe ya joto, pembeni ya godoro la Bibi. Aliuliza tena swali lake la moja au mbili. Nikamjibu kwamba sasa tumeivuka hatua hiyo.

Hakubishana. Amekunja godoro, amechukua blanketi na mto, amehamia chumba cha mbele pamoja na magoti yake. Nafasi yake imebaki wazi, na bado ina joto.

Hapo zimeenea chupa nyingine sita.