Kufika Kabla ya Treni

Jumatatu, 3 Juni
Barua imekuja! Shule ya bweni mjini inataka fundi cherehani wa sare. Atakayeripoti wa kwanza Alhamisi asubuhi ndiye atakayechukuliwa. Balaa ni moja: barua kama hiyo kapata na shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi gani yule? Vifungo vyake havifiki Ijumaa! Na treni ni moja. Mke wangu kasema kaka yake akinitangulia nitakuwa msaidizi wake mpaka nizeeke, na yeye hatanitetea. Mimi nimkunjie mapindo mtu yule? Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Tumepanda mchana. Shemeji kachagua behewa la mwisho, kajilaza, anakoroma. Mimi nimetumia akili. Treni inakwenda mbele. Nikitembea ndani yake kwenda mbele, mwendo wake na wangu unajumlishwa. Nitafika kabla yake! Nimetoa tepu, nimepiga magoti, nimepima ujia wa behewa. Futi sitini na mbili. Mabehewa tisa. Ushindi umo humo.

Nimetembea hadi mlango wa dereva. Umefungwa. Ikabidi nirudi behewa la mwisho kuanza upya. Mara saba. Miguu inawaka moto. Mama mmoja mwenye kapu, niliyemkanyaga kila nilipopita, kanishika mkono.

"Mwanangu, unachokipata ukienda mbele unakirudisha ukirudi nyuma. Kaa chini, vidole vyangu vipumzike."

Nimemjibu kwa heshima kwamba mbele nakwenda mbio, nyuma narudi taratibu, kwa hiyo faida inabaki. Kanitazama kwa huruma. Wivu tu.

Mkaguzi wa tiketi kauliza natafuta nini. Nimesema nafupisha safari. Kaniamuru nikae behewa la kwanza nisiondoke. Hajui kanipa zawadi.

Alhamisi, 6 Juni
Tumefika asubuhi, mimi pua imegusa mlango. Nimeshuka wa kwanza! Nimemtangulia shemeji kwa mabehewa manane! Nikamuuliza mchukuzi lango la kutokea liko wapi. Akaninyooshea kidole kule nyuma, mkabala na behewa la mwisho. Abiria wa treni nzima wako mbele yangu, na miguu imegoma kukimbia.

Nimefika shuleni nachechemea. Shemeji keshavaa tepu shingoni, anampima mwalimu mkuu kiuno. Hakunicheka. Kaniulizia miguu, kaniletea kiti, kisha kasema nafasi ya msaidizi ipo, nikachukue cherehani yangu nyumbani. Angenicheka ningepona haraka. Nimekubali, na roho inaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudi nyumbani. Nilijua mke wangu atakuwa stesheni, na kwamba kaka yake keshampigia simu. Kwa hiyo leo sikuwa na haraka hata kidogo. Nikakata shauri: nitembee kinyume, kutoka mbele kwenda nyuma, mwendo upungue. Paa za kwanza za kwetu zilipoonekana nikaanzia mlango wa dereva. Behewa baada ya behewa. Nilihisi kabisa nachelewa! Treni iliposimama nilikuwa mlango wa mwisho, nimejipatia muda wa kutosha kupanga maneno. Nikafungua.

Mke wangu kasimama pale pale, mikono kiunoni.

Kosa langu nimeshaliona. Nilitembea polepole mno.