Duara la Kijani kwenye Kisima cha Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu haya. Sijacheka mdomo wazi tangu darasa la tano. Si kwamba vichekesho vimekosekana. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, kama chai ya rangi imekaukia hapo. Nimeyasugua kwa chumvi, kwa majivu, siku moja kwa sabuni ya sufuria. Nilitoa povu siku nzima, rangi ikabaki. Kwa hivyo nanyamaza. Kanisani husema Mutheu ni mtoto mpole sana. Walisema hata kwenye maombi. Mungu anajua ukweli ila hakuwasahihisha.

Leo nimepata nafasi. Daktari Nelima wa chuo kikuu anafanya utafiti Kawangware na Kibera. Mawe yaliyo chini yetu yanatoa kitu kinaitwa floraidi, floraidi inaingia kwa maji ya visima, halafu inaingia kwa meno. Alitaka vijana wawili wa kumtembeza likizo hii. Huku kwetu Kawangware, mtaa wa 46, nimechaguliwa mimi, kwa sababu ya upole. Kutoka Raila, kule Kibera, amekuja Mercyline, aliyelelewa na nyanyake Vihiga, ambako maji si haya, na ana meno meupe kama ya mtu wa matangazo. Anacheka hata akiulizwa jina.

Mpango: nikae karibu na daktari mpaka ayaone meno yangu bila mimi kuyaonyesha. Atanihurumia. Atayatengeneza. Namna ya kuyaona bila kuonyeshwa bado nafikiria.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umekufa. Daktari ametufunza maadili ya utafiti asubuhi yote. Hakuna kumfungua mtu mdomo kwa lazima. Akiwa mtoto, mzazi atie sahihi kwanza, halafu mtoto mwenyewe aulizwe, na akikataa, basi. Tena hatutengenezi meno ya mtu. Mercyline akauliza kwani tutawaacha tu hivyo. Daktari akasema tukiahidi matibabu, mtu asiye na kitu hataweza kutukatalia, na ruhusa ya mtu asiyeweza kukataa si ruhusa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, mtu asiye na kitu, tayari kabisa kutokataa.

Akasema na jambo lingine. Meno huharibika yakiwa bado chini ya ufizi. Yakishatoka, basi tena. Na kuchemsha maji hakusaidii. Nikamfikiria Wanza, mdogo wangu. Ana miaka mitatu, meno kama punje za mchele, na akicheka unaona mpaka koo. Meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi, huko chini, kwa maji ya kisima chetu.

Musembi, mwanafunzi wa hesabu anayechora ramani ya utafiti kwa kompyuta, alitoa mzaha kuhusu punda wa kubeba maji. Nikacheka kwa pua. Kamasi ikatoka. Mercyline akasema, we Mutheu, unaongea ni kama umeficha peremende, si utugawie.

Jumamosi, 9 Agosti

Jumatatu wanapima kisima chetu. Kusema kweli ni cha landilodi, mwenye hizi nyumba, lakini Mama ndiye anashika mfereji, anauza maji kwa mitungi, na hiyo ndiyo karo yangu. Jana Mama alisema wakiandika kuwa maji ni mabaya landilodi atafunga, na mimi nitaenda Kitui kumchungia mjomba mbuzi. Mjomba hana mbuzi. Sikumkumbusha.

Mpango mpya. Leo tulikuwa Olympic, kule Kibera, na huko kuna mfereji wa kanjo, yaani wa baraza la jiji. Maji yake yanatoka mabwawa ya mbali, daktari mwenyewe amesema hayana shida. Nimejaza chupa ya soda. Jumatatu nitamwaga maji ya kisima kutoka kwa chupa ya daktari, niweke haya.

Tukirudi Mercyline akashikwa na kiu. Akachomoa chupa kwa mfuko wangu, akanywa nusu. Nikamwambia ni dawa ya minyoo ya shangazi. Akatema, akaniangalia kwa huruma. Nafikiri anadhani minyoo ni yangu.

Nusu iliyobaki inatosha.

Jumanne, 12 Agosti

Imewezekana. Jana nilijitolea kubeba chupa, nikajikwaa kwa makusudi nyuma ya tangi, nikabadilisha maji. Kujikwaa kulikuwa kwa kweli kuliko nilivyopanga. Goti limevimba.

Leo Musembi alitufungulia ramani kanisani. 46 yote ni nyekundu, yaani floraidi nyingi, halafu katikati kuna duara la kijani, maji salama. Ni sisi. Nikauliza mbona duara ni kubwa hivyo na kisima ni kimoja. Akanieleza pole pole kwamba hawawezi kupima kila mahali, kwa hivyo kompyuta inakisia. Mahali pasipopimwa panachukua namba kwa jirani aliye karibu. Basi uongo wangu umegawiwa mtaa mzima. Nasari ya kanisa, ile shule ya watoto wadogo, iko ndani ya kijani, na mimi najua iko kwa nyekundu.

Daktari alikunja uso. Akasema mwamba haubadiliki ghafla hivyo, watu wangoje kwanza. Lakini akina mama walikuwa wamesimama nyuma ya Musembi, na mtu akishaona kijani hangoji. Jioni foleni ya mitungi ilifika kwa fundi wa viatu. Nasari ikatuma mkokoteni. Mama alikuwa akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tumzike Baba. Amemnunulia Wanza kikombe kikubwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango wa Wanza: natembea mpaka kwa mfereji wa kanjo, namletea chupa yake ya pekee. Ameonja, akatema, akasema si maji hayo. Anataka ya Mama. Nikatia sukari. Akanywa yote, halafu akaomba ya Mama ya kushushia.

Mchana daktari alikuja kupiga picha za meno. Mama alitutilia sahihi sisi wawili. Wanza alifungua mdomo kabla ya swali kuisha, na hakuufunga hata walipomaliza.

Kisha daktari akanigeukia, akaniuliza kama mimi mwenyewe nakubali. Nikasema hapana. Akasema sawa, asante, akafunga kamera. Hakuuliza sababu. Sheria zao ni nzuri kabisa. Nilisimama pale nikingoja aniulize tena. Angeniuliza ningemwambia yote, meno, chupa, nasari. Lakini alikuwa ameshafika mlangoni, anamwambia Mama jioni njema.

Jumapili, 17 Agosti

Watoto wa nasari wameimba kanisani. Midomo wazi yote, meno madogo meupe. Nilitoka wimbo haujaisha, nikaenda kulia nyuma ya choo.

Mercyline akanifuata. Leo alikuwa amekuja kanisani na daktari, ambaye ametangaza kwamba kesho kisima chetu kitapimwa upya, maana namba na mwamba vimekataa kupatana. Mercyline alikaa chini karibu nami na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akanishika mkono. Akasema kama ni ile minyoo, nyanyake anajua dawa moja kali sana.

Kesho ninachohitaji kufanya ni kutofanya kitu. Nibebe chupa, nisijikwae. Nimewaza hivyo mchana kutwa, na nilikuwa nimeamua. Halafu Mama akaanza kuimba.

Mpango: nusu kwa nusu. Nusu ya kisima, nusu ya kanjo. Ramani itatoka njano. Nasari itashtuka kidogo, landilodi hatafunga, na Wanza nitamwongezea sukari. Chupa iko tayari chini ya kitanda. Safari hii nimeiandika SUMU, Mercyline asiiguse.

Nasikia ndara za Mama zinakuja mlangoni, lakini hatua ni fupi. Ni Wanza amezivaa. Maji yanamwagika njia nzima kutoka kwa kile kikombe, na anacheka peke yake. Akifika atataka nicheke naye.

Naficha hii karatasi. Nafunga mdomo.